Filamu ya mapenzi usiyoijua: anza na kinachowatenganisha

Filamu yenye jina kubwa haikupi kazi. Marafiki wameshaiona na imeshasimuliwa mitandaoni mpaka mwisho wake unaujua. Lakini drama ya mapenzi ya bajeti ndogo, iliyozunguka matamasha mawili matatu kisha ikatua kimya kwenye orodha ya mtandao fulani, inakuacha na posta ya watu wawili wanaotazamana, muhtasari wa mistari mitatu, na alama 6.4 kutoka kwa watazamaji wasiojaza basi moja. Na kuitazama si bure. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, ubora wa chini hula hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati hadi GB 0.7, na HD hadi GB 3. Saa mbili za HD zinamaliza bando ambalo wengine wananunua la wiki nzima.

Hata hivyo, hicho kidogo ulichopewa kinatosha kukuongoza ukijua pa kutazama. Mimi naanza na swali moja: hawa wawili wanazuiwa na nini?

Filamu ya vita ina vita, na filamu ya polisi ina mwizi wa kukamatwa. Drama ya mapenzi haina cha kuivuta kutoka dakika ya kwanza hadi ya tisini isipokuwa kizuizi kilicho kati ya wapenzi. Kizuizi kikiwa hafifu, mwandishi atakosa pa kwenda ifikapo dakika ya arobaini. Ataanza kujaza: simu isiyopokelewa, barua iliyofichwa kabatini, mama mkwe anayesikiliza mlangoni, ajali ya gari, ugonjwa ambao haukutajwa tangu mwanzo. Kwa hiyo soma muhtasari, kisha jiulize: wakikaa chini dakika kumi wakaambiana ukweli, hadithi itakwisha? Kama jibu ni ndiyo, iache, au ingia ukijua utakayokutana nayo. Kama hata baada ya kuambiana kila kitu bado wamekwama kwa sababu ya sheria, ukoo, dini, rangi, pesa au ahadi ambayo mmoja wao hawezi kuivunja bila kujivunja mwenyewe, hapo pana filamu.

Nachukua mfano wa Vuta N'kuvute, filamu ya Kitanzania ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mwanamume mzee asiyempenda. Anatoroka, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na ambaye serikali inamtafuta. Pitisha jaribio hapo. Yasmin na Denge wanaweza kuongea mpaka alfajiri. Ndoa iko palepale, jamaa zake wako palepale, polisi wa mkoloni nao hawaendi popote. Tena kuna kizuizi kilicho ndani ya Denge mwenyewe: ana jambo analolitanguliza mbele ya mapenzi. Kizuizi cha aina hiyo ndicho ninachokitafuta, kwa sababu hakiondolewi na mhusika mwovu kukamatwa dakika tano za mwisho.

Swali la pili linakwenda na la kwanza: kila mmoja wao anataka nini kingine, mbali na mwenzake? Muhtasari wa Subira, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ravneet Chadha, unakutajia msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini, anayekuja kuolewa Nairobi. Kabla hujajua lolote kuhusu mume, umeshajua binti anataka nini. Mhusika mwenye hamu yake mwenyewe ana cha kupoteza akipenda. Muhtasari ukikwambia tu kwamba fulani ni "mrembo aliyevunjwa moyo" na mwenzake ni "tajiri mwenye siri", hakuna mtu pale bado, kuna nguo tu.

Sasa alama. Watu wanazitegemea kuliko inavyostahili, hasa kwa filamu ndogo. IMDb, tovuti ambako watazamaji huzipa filamu alama kati ya kumi, huanza kuonyesha alama kura zikifika tano, na kura za mwanzo za filamu ndogo mara nyingi zinatoka kwa waliofanya kazi kwenye filamu, ndugu zao na wafuasi wa waigizaji. Bofya ile namba ya kura ufungue mgawanyo wake. Ukikuta rundo la kura kwenye 10 na rundo jingine kwenye 1, katikati pakavu, ujue unaona ugomvi wa mashabiki, na wastani wake hauna maana. Ukikuta mlima uliotulia kwenye 6, 7 na 8, kura zikiwa mia kadhaa, hiyo 6.8 naiamini kuliko 8.9 ya kura thelathini.

Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, nayo husomwa vibaya. Asilimia yake si maksi; ni idadi ya wahakiki walioipenda kati ya wote. Filamu ambayo wahakiki kumi wote wameiona "nzuri kiasi" inapata 100. Na wahakiki wakiwa sita, mmoja tu akibadili mawazo anahamisha karibu pointi 17. Tovuti nyingine ya wahakiki, Metacritic, ndiyo inayotoa wastani wa kiwango, na inahitaji angalau tahakiki nne, kwa hiyo filamu nyingi za kwetu hazina alama kule kabisa. Kukosa alama hakumaanishi filamu ni mbovu. Maana yake haikupita mbele ya magazeti yanayohesabiwa.

Kwenye posta kuna yale majani mawili yaliyozunguka jina la tamasha. Soma kilichoandikwa ndani yake, maana kuchaguliwa kuonyeshwa na kushinda ni vitu viwili. Kisha angalia ni tamasha gani. Yapo matamasha ya mtandaoni yanayofanyika kila mwezi, yanatoza ada ya kushiriki na kugawa tuzo kwa makumi. Majani yao hayakusaidii chochote. Tamasha la kweli lina mji, ukumbi, tarehe na majaji wanaotajwa kwa majina. Vuta N'kuvute ilianzia Toronto Septemba 2021, na mwaka 2022 ikachukua tuzo kuu, Tanit ya Dhahabu, huko Carthage, Tunisia, tamasha lililoanza mwaka 1966 na linaloheshimiwa sana na watengenezaji filamu wa Afrika na nchi za Kiarabu. Hiyo ni dalili nzito, kwa sababu majaji wa Carthage hawana deni na Zanzibar. Mwaka huohuo Tanzania iliipeleka kugombea Oscar ya filamu za kimataifa. Hiyo ni dalili nyepesi zaidi: kila nchi inapeleka moja, na nchi inayotoa filamu chache za kiwango hicho kwa mwaka haina ushindani mkubwa wa ndani.

Kelele za marufuku zisikuamulie pia. Filamu ya Rafiki ya Mkenya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7 mwezi Septemba na kumbi za Nairobi zikajaa. Ile foleni ilieleza mengi kuhusu nchi. Kama filamu ingekufaa wewe, haikueleza.

Trela ndiyo mahali ambapo mtazamaji mwangalifu anapata zaidi, na hapa usiharakishe. Itazame mara mbili. Mara ya kwanza itazame kawaida. Mara ya pili weka vipokea sauti vya masikioni, na fuatilia mambo mawili.

La kwanza: je, wapenzi wanakaa ndani ya fremu moja? Trela nyingi za filamu dhaifu zinakatakata: sura yake, sura yake, mkono, dirisha, sura tena. Mhariri anafanya hivyo kwa sababu waigizaji wakiwekwa pamoja hakuna kinachotokea. Tafuta sehemu ambayo wote wawili wako kwenye picha moja kwa sekunde nne au tano bila kukatwa. Usiangalie nyuso, angalia mikono na mabega. Mwigizaji anayempenda mwenzake ndani ya hadithi mwili wake unaanza kuelekea kwake kabla hajasema neno, au unajizuia kuelekea, na kule kujizuia kunaonekana shingoni. Ambaye anasubiri zamu yake ya kusema amesimama kama yuko kwenye foleni ya benki. Trela nzima ikipita bila hata picha moja ya namna hiyo, nina wasiwasi.

La pili ni sauti, na hili linaua filamu ndogo kuliko uigizaji. Picha nzuri siku hizi inapatikana kwa kamera ya bei ya kawaida. Sauti nzuri inahitaji mtu aliyeshika maiki siku nzima na kimya cha mtaa. Sikiliza mahali wawili wanapoongea nje. Kamera ikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, je, mlio wa nyuma unabadilika ghafla, upepo unatoweka na kurudi? Huo ni ushahidi kwamba kila upande ulirekodiwa kivyake na haukusawazishwa. Ndani ya nyumba, sauti ikiwa na mwangwi wa chumba kitupu, maiki ilikuwa mbali, labda juu ya kamera yenyewe. Na kama muziki unatiririka chini ya kila sentensi bila kupumzika, mara nyingi umewekwa kuficha kelele. Kwenye filamu ya mapigano utavumilia. Kwenye drama ya mapenzi, ambako mtu ananong'ona neno moja na neno hilo ndilo filamu nzima, sauti mbovu inakutoa nje kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, usiihukumu filamu ya aina hii kwa nakala yenye sauti ya DJ. Wale mabwana wana kipaji, na filamu za ngumi za Hong Kong zimepata uhai mpya kwa midomo yao. Lakini kazi yao ni kutoacha pengo, na drama ya mapenzi imejengwa kwa mapengo. Kimya cha sekunde kumi mezani kinajazwa utani, na umeshapoteza ulichokuja kukiona. Jihadhari pia na YouTube: ukitafuta filamu ndogo kwa jina utakuta video ndefu yenye posta sahihi, kumbe ndani ni trela inayorudiwarudiwa, au mtu anasimulia hadithi juu ya picha mgando. Linganisha urefu. Vuta N'kuvute ni ya saa moja na nusu hivi. Video yenye jina hilo ya dakika kumi na mbili au ya saa mbili na nusu si yenyewe.

Urefu unakwambia mengine pia. Zama za DVD, Bongo muvi nyingi zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili, na hadithi ya dakika themanini ikanyooshwa hadi saa mbili na nusu. Nyingi sasa ziko mtandaoni bila malipo, na ndani yake kuna uigizaji mzuri sana wa mapenzi ambao haukupata mhariri. Dalili ya mnyoosho ni gari: linaingia getini, mlinzi anafungua, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, anabisha hodi. Ukikuta hayo mara mbili ndani ya dakika kumi za mwanzo, amua kama wahusika wanakupendeza kiasi cha kuvumilia. Kwa baadhi ya waigizaji wa enzi ile, mimi navumilia.

Kuhusu tahakiki, tafuta moja ya mtu ambaye hakuipenda, isome kwa makini kuliko tatu za sifa. Anayesifu husema "inagusa moyo" na hujapata kitu. Anayelalamika hutaja sababu, na sababu yake inaweza kuwa ndiyo unachokipenda. "Inakwenda polepole" ni onyo kwa anayetazama usiku baada ya kazi akiwa amechoka. Kwa mwingine ni mwaliko. "Mwisho haueleweki" mara nyingi maana yake hawakuoana. "Wahusika wanafanya mambo bila sababu" ni lalamiko zito, na likirudiwa na watu wawili wasiojuana naiacha filamu. Kwa filamu za Kiswahili zilizohakikiwa na wageni, kumbuka mhakiki alisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha tu. Hawezi kujua kama mwigizaji anaongea kama mtu wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar, au kama mtu aliyefika kwa boti ya asubuhi. Sifa zake kuhusu rangi, mavazi na mwanga zipokee. Kuhusu mazungumzo, sikiliza trela kwa masikio yako.

Jambo moja la vitendo ambalo watu hulisahau mpaka wamechelewa: unatazama na nani? Filamu za matamasha zina tabia ya kuweka faragha ya wapenzi waziwazi bila kukuandaa, na sebule yenye wazazi au wakwe si mahali pa kugundua hilo. IMDb ina sehemu ya mwongozo wa wazazi ndani ya ukurasa wa kila filamu, ingawa kwa filamu ndogo huenda ikawa tupu. Kenya bodi ya filamu inatumia alama GE, PG, 16 na 18. Ukikosa vyote, zipitie dakika za katikati peke yako kwanza.

Umeshaianza. Jipe dakika ishirini, simu ukiwa umeiweka mbali, maana drama ya mapenzi inayotazamwa kwa jicho moja haiwezi kushinda. Zikiisha, simamisha na ujijibu: najua kila mmoja wao anataka nini? Yupo aliyefanya uamuzi uliomgharimu kitu? Ukiwa na majibu mawili, endelea mpaka mwisho. Ukiwa huna hata moja, ruka hadi dakika ya arobaini na tano utazame dakika tatu. Kama wapenzi wako palepale ulipowaacha, wakibishana jambo lilelile kwenye kochi lilelile, funga.

Angalia tu usichanganye filamu ya polepole na filamu iliyokwama. Ya polepole, ndani ya kila onyesho kuna kitu kimehama: mwanzoni yeye ndiye aliyekuwa akiomba, mwishoni yeye ndiye anayeombwa, hata kama wamenyweshana chai tu. Iliyokwama, ukitoa onyesho zima hakuna kinachopungua. Jaribu kulitoa kichwani. Utapata jibu haraka.

Je, Vuta N'kuvute inafaa? Kwangu inafaa, na naipendekeza kwa moyo wote kwa anayependa mapenzi yanayosemwa kwa macho na kwa anayetaka kuiona Zanzibar ikipigwa picha na watu wanaoijua. Siti Amina, mwimbaji wa Siti and the Band, ndiye Mwajuma, na kumweka mtu wa taarabu wa kweli katika nafasi hiyo ni uamuzi mzuri kuliko kumfundisha mwigizaji kuimba. Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin na Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge. Sura zao hazijachoshwa na tamthilia za kila jioni, na hilo linasaidia sana kuwaamini.

Atakayeumia nayo ni aliyeisoma riwaya kidato cha tano na sita, bado ana orodha ya dhamira na wahusika kichwani, na anataka kuona kila sura ikitokea. Riwaya iliyotoka mwaka 1999 ni pana. Inawafuata watu wengi, kwa muda mrefu, na siasa yake imeelezwa kwa kina. Filamu ya dakika tisini imewachagua wawili na kuwakaribia. Denge wa kwenye kitabu anajieleza sana. Wa kwenye filamu unamsoma zaidi kwa anavyoingia na kutoka. Anayetaka historia ya harakati za uhuru ielezwe yote atahisi amepunjwa, na ana haki.

Ukiipata kwa njia halali, iwe kwenye tamasha, kituo cha utamaduni au mtandaoni, itazame kwenye skrini kubwa kuliko zote ulizo nazo, chumba kikiwa na giza, kwa sababu simu juani haikuonyeshi picha za usiku wala za ndani. Kama hujasoma kitabu, anza na filamu, kisha kitabu. Ukianza na kitabu, acha miezi ipite kati yake na filamu.